Je, MRI ya ubongo ukiwa kazini itaonyesha kwa nini mwanangu anaanguka kifafa?

*"Daktari, nina kijana wa miaka 16, yuko sekondari hapa Kisumu. Alipokuwa na miaka mitatu alilazwa kwa malaria iliyompanda kichwani, akapoteza fahamu siku mbili. Tangu alipokuwa darasa la sita anaanguka kifafa, mara mbili au tatu kwa mwezi. Kabla ya kuanguka huduwaa, akatafunatafuna mdomo na kushikashika shati. Anameza fenobabitoni. Mwaka jana tulimfanyia MRI ya kichwa, tukaambiwa ni safi. Sasa shemeji yangu aliye Uingereza anasema kuna MRI nyingine inayoonyesha ubongo ukifanya kazi, hata mawazo ya mtu, na kwamba hiyo ndiyo itatuonyesha ugonjwa uko wapi. Familia inataka kuitisha harambee, na baba yake yuko tayari kuuza ng'ombe wawili. Mimi naogopa. Sumaku hiyo haitamharibu ubongo? Itatoa siri zake? Na kweli itatuambia kwa nini anaanguka, na kwa nini alama zake za shule zinashuka? Likizo zikifika humsaidia mjomba wake kwenye karakana ya kuchomelea vyuma."*

Mama, pole kwa mzigo huu ambao mmeubeba miaka yote hiyo. Ulivyoeleza kuhusu kuduwaa, kutafunatafuna na kushikashika shati kunamsaidia daktari wa neva kuliko picha nyingi, na nitakurudia hapo. Lakini nianze na jibu lenyewe ili usisome ukiwa na wasiwasi: kwa sasa msiuze ng'ombe kwa ajili ya kipimo hicho. Mahali alipofikia kijana wako, hakitawaambia kwa nini anaanguka. Shemeji yako hajawadanganya, kipimo hicho kipo na ni kizuri sana. Ila kinajibu swali jingine kabisa, na huenda ikafika siku swali hilo likawa lenu.

Kwanza ujue kwamba mashine ni ile ile aliyolala ndani yake mwaka jana. Kinachobadilika ni namna ya kupiga picha. MRI ya kawaida huonyesha umbo: kama kuna uvimbe, kovu, damu iliyovuja, maji yaliyojaa, au vifuko vya minyoo ya tegu ambavyo huku magharibi tunaviona kwa baadhi ya wagonjwa wa kifafa. Hii nyingine, ambayo kwa kifupi huitwa fMRI, hupiga ubongo mzima upesi upesi, kila baada ya sekunde mbili hivi, kwa dakika kadhaa mfululizo. Wakati huo mgonjwa hupewa kazi: chezesha vidole vya mkono wa kulia, sasa pumzika, tafuta kimoyomoyo majina ya wanyama, sasa pumzika. Kompyuta hulinganisha vipindi vya kazi na vya mapumziko, ikatafuta ni wapi palibadilika.

Ni nini kilichobadilika? Wengi hudhani mashine hunasa umeme wa ubongo. Sivyo. Inachoangalia ni damu.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta tukiwa tumetulia. Oksijeni hiyo huletwa na himoglobini, ile ile wanayopima maabara wanapokwambia damu ya mtoto imeshuka kwa sababu ya malaria. Ndani ya himoglobini mna madini ya chuma. Ikiwa imebeba oksijeni, karibu haina habari na sumaku. Ikishaitua, inapata usumaku kidogo na kuvuruga uga wa mashine mahali ilipo. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 1936 huko Marekani na Linus Pauling na Charles Coryell, kabla hata ya mashine za MRI kuwazwa. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwa panya kwamba tofauti hiyo huonekana kwenye picha za MRI, na kufikia 1992 makundi kadhaa ya watafiti, likiwemo la Kenneth Kwong kule Boston, yalikuwa yameipata kwa binadamu walio macho, bila sindano wala dawa yoyote.

Kuna jambo moja hapa ambalo hata wanafunzi wa udaktari huwapiga chenga. Ungetarajia kwamba sehemu ya ubongo inayofanya kazi itaimaliza oksijeni yake na damu ya pale ibaki tupu. Kinachotokea ni kinyume. Seli za neva zikianza kazi, mishipa midogo ya jirani hutanuka na damu mpya humiminika kwa wingi kupita kiasi kinachohitajika. Oksijeni inabaki ya ziada, ile himoglobini inayovuruga sumaku inapungua, na picha ya mahali pale inang'aa kidogo zaidi. Ninaposema kidogo, ni kidogo kweli: mara nyingi asilimia 1 hadi 5. Tena haifiki kileleni papo hapo, huchukua sekunde 5 au 6 hivi baada ya seli kuanza kazi, wakati seli zenyewe hupashana habari kwa sehemu ndogo sana ya sekunde moja.

Fikiria umesimama mbali na soko la Kibuye siku ya Jumapili, unahesabu bodaboda zinazoelekea huko. Utajua soko limechangamka, na utajua ni upande gani. Hutajua nani anauza nini, kwa bei gani, wala kwa nini wawili wamegombana mbele ya duka la mitumba. fMRI iko hivyo. Kila nukta ya picha ni kijipande cha mchemraba chenye upana wa milimita 2 au 3, na ndani yake mna malaki ya seli.

Sasa, kwa kuwa inategemea damu, chochote kinachogusa damu au mishipa hugusa picha pia. Mtu akibana pumzi sekunde 15, kaboni dioksidi hupanda, mishipa hutanuka na karibu ubongo wote hung'aa, ingawa hajawaza lolote jipya. Chai ya majani au kahawa iliyonywewa asubuhi hubana mishipa na kubadilisha kipimo. Usingizi hubadilisha, na dawa za kutuliza vilevile. Kwetu huku kando ya ziwa, ambako malaria na ugonjwa wa seli mundu ni mambo ya kila siku, kuna watu wengi ambao himoglobini yao iko chini, na picha zao haziwezi kulinganishwa hivi hivi na za mtu mwenye damu ya kutosha. Watafiti wameugeuza udhaifu huo kuwa faida: humwambia mtu abane pumzi kwa makusudi, wakapima kama mishipa ya ubongo wake bado inatanuka inavyopaswa. Ni kazi nzuri, hasa kwa wenye seli mundu ambao wako katika hatari ya kiharusi. Lakini inakuonyesha kwamba rangi kwenye picha si lazima iwe wazo.

Hizo rangi nazo zimewapotosha wengi. Picha za fMRI zinazosambazwa kwenye simu huonyesha ubongo wa kijivu wenye madoa mekundu na manjano, na mtu hudhani mashine imeona moto unawaka mle ndani. Rangi hupakwa na kompyuta baada ya hesabu ndefu, kuonyesha mahali ambapo tofauti ilizidi kiwango kilichochaguliwa na binadamu. Ukichagua kiwango kilicholegea, utapata madoa popote. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake huko Marekani walimweka samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu, kisha wakafanya hesabu bila masahihisho yanayotakiwa. Ubongo wa yule samaki mfu ukatoka na doa jekundu. Walitaka kuwaonya watafiti wenzao, na onyo lilisikika. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi nyingine ambapo timu 70 zilipewa data ile ile ya fMRI zijibu maswali yale yale tisa, na majibu yao yakatofautiana mno kwa baadhi ya maswali. Ndiyo maana namwonea uchungu mzazi anayeambiwa kwamba picha moja ya mtoto mmoja itasema yote. Mengi tunayojua kutokana na fMRI yametoka kwenye wastani wa watu wengi kwa pamoja. Wastani huo hauwezi kugeuzwa kuwa hukumu juu ya mtoto wako.

Kuhusu siri zake, lala usingizi. Ni kweli kwamba mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliweza kupata kiini cha hadithi ambayo mtu alikuwa akiisikiliza, kwa kutumia fMRI na kompyuta. Lakini kila mshiriki alilala ndani ya mashine kwa takriban saa 16 ili kompyuta imzoee. Iliyomzoea mmoja haikufaa kwa mwingine, na mshiriki aliyeamua kufanya hesabu kichwani badala ya kusikiliza aliivuruga. Hakuna daktari atakayemlaza kijana wako dakika 40 akatoka na habari za msichana anayempenda.

Sumaku nayo. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5 au 3, yaani maelfu kwa maelfu ya mara kupita sumaku ya dunia. Hata hivyo haitoi mionzi kama ya eksirei, na kwa miongo mingi ya matumizi hatujaona ikiharibu ubongo. Mlio wake ni mkubwa, kwa hivyo lazima apewe vizibo vya masikio. Hatari halisi ni chuma, na hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu umetaja karakana ya mjomba. Kijana anayesimama karibu na grinda au mashine ya kuchomelea bila miwani anaweza kuingiwa na kichembe cha chuma jichoni, kikamwasha siku moja, kikatulia, akasahau. Ndani ya MRI kichembe hicho kinaweza kusogea na kumjeruhi jicho. Kabla ya MRI yoyote ijayo, ya aina yoyote, mwambieni mhudumu kwamba huwa anashinda kwenye karakana. Wataamua kama apigwe kwanza eksirei ya macho. Kama mwaka jana hamkuulizwa, safari hii msingoje kuulizwa.

Tena, karakana yenyewe si mahali pa mtu ambaye kifafa chake hakijatulia. Akianguka juu ya grinda au chuma kilichopata moto, ataumia kuliko anavyoumizwa na kifafa. Mjomba ampe kazi ya kupaka rangi mageti yaliyokwisha poa, au ya kuandika hesabu za wateja.

Turudi kwenye kile ulichokieleza. Mtoto aliyepata malaria ya ubongo utotoni, kisha baada ya miaka akawa anaduwaa, anatafunatafuna, anashikashika nguo, halafu anaanguka, hunifanya nifikirie kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, pengine ile iliyo ubavuni karibu na sikio. Malaria ya ubongo inajulikana kuacha kifafa kwa baadhi ya watoto. Siwezi kuthibitisha hayo kwa maandishi, na yeyote atakayethibitisha bila kumwona msimwamini. Lakini ikiwa ni hivyo, basi "safi" ya mwaka jana haijafunga jambo. Kovu dogo la sehemu hiyo hupotea kwa urahisi kwenye picha za vipande vinene, au zikisomwa na mtu ambaye hakuambiwa atafute nini. Kwa hiyo kabla ya kulipia picha mpya, nendeni mkachukue ile CD ya picha, si karatasi ya ripoti peke yake, mkaipeleke kwa mtaalamu wa neva pamoja na maelezo yale yale uliyoniandikia. Akiona haja, ataagiza MRI ya kawaida iliyopangwa mahsusi kwa kifafa.

Kipimo ambacho kingekuja mbele ya fMRI ni EEG, kile cha kubandika nyaya ndogo kichwani. Hicho ndicho kinachosikiliza umeme wenyewe, na kifafa ni ugonjwa wa umeme. Nacho pia kikitoka safi hakifuti kifafa, maana hurekodi muda mfupi tu, na mara nyingi tunamwomba mgonjwa apunguze usingizi usiku wa kuamkia kipimo ili tuongeze nafasi ya kuona kitu. Kuna vituo vichache vya utafiti duniani vinavyofanya EEG na fMRI kwa pamoja ili kutafuta kifafa kinaanzia wapi. Inasaidia baadhi ya wagonjwa wanaoandaliwa kwa upasuaji, na hata huko ni nyongeza juu ya vipimo vingine.

Na kuna kipimo ambacho hakina gharama. Akianza kuduwaa, mtu mmoja amhudumie na mwingine amrekodi kwa simu, tangu mwanzo, uso na mikono vyote vionekane. Muwe mnamsemesha kwa jina. Video ya dakika moja ya namna hiyo imewahi kubadilisha matibabu ya wagonjwa wengi.

Ni lini basi fMRI ingekuwa na maana kwake? Akiwa amejaribu dawa mbili zinazofaa aina yake ya kifafa, kwa kipimo sahihi, akazimeza bila kukosa, na bado anaanguka, hapo tunasema kifafa kimekaidi dawa na tunaanza kuzungumzia upasuaji. Daktari wa upasuaji akitaka kuondoa kovu lililo ubavuni mwa ubongo, lazima ajue lugha iko upande gani na mkono unaendeshwa kutoka wapi, asije akaondoa kifafa pamoja na maneno. Watu wengi lugha yao iko kushoto, lakini si wote, na mwenye kovu la utotoni anaweza kuwa amehamisha. Zamani, na hata leo mahali pengine, ilibidi kupitisha dawa kwenye mshipa mkubwa wa damu ili kulaza nusu ya ubongo huku mtu akizungumzishwa. fMRI imewaepusha wengi na hilo, na kwa kazi hiyo naiheshimu sana. Ikifika huko, ulizeni mazoezi ya lugha yatatolewa kwa lugha gani. Kijana anayefikiri kwa Dholuo na Kiswahili akipewa orodha ya maneno ya Kiingereza, mtapima jitihada zake za darasani badala ya lugha yake. Na itabidi atulie: kichwa kikisogea milimita chache, picha zinaharibika. Hawezi kulazwa kwa dawa kama wanavyofanyiwa watoto kwenye MRI ya kawaida, maana aliyelala hawezi kutafuta majina ya wanyama.

Fedha za harambee zina kazi nyingine za haraka. Ombeni rufaa kwenda kliniki ya neva, iwe kupitia hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi mnaiita Russia, au hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret. Ulizeni mapema SHA, bima ya afya ya serikali, inalipia nini na nini kitatoka mfukoni. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Kijana wako, kwa maelezo yako, amejaribu dawa moja tu. Huenda daktari akaongeza kiasi cha dawa hiyo, au akamhamishia kabamazepini, ambayo hutumika sana kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja. Kitu kimoja msikifanye: kuacha fenobabitoni ghafla, hata kwa siku mbili kwa sababu dawa imeisha na mnangoja pesa. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta mfululizo wa kifafa usiokoma. Nusu ya fungu la harambee ningeliweka kwa dawa za miezi kadhaa ijayo, hata kama si jambo la kupigiwa makofi mbele ya wageni.

Akianguka, mlazeni ubavu, mwondoleeni vitu vigumu, mtazame saa. Msimtie kijiko mdomoni, msimkandamize, wala msimnusishe moshi wa kiberiti. Mpelekeni hospitali mara moja ikipita dakika 5 bado anatikisika, akianguka tena kabla ya kuzinduka, akiumia kichwa, au ikitokea akiwa majini. Asiogelee wala kuvua ziwani akiwa peke yake, na akioga asifunge mlango kwa ndani.

Kuhusu alama za shule, hakuna picha itakayokujibu, lakini maswali matatu yanaweza. Je, husinzia darasani asubuhi? Fenobabitoni hulegeza akili na kumbukumbu kwa baadhi ya vijana, na hiyo ni sababu halali ya kumwomba daktari afikirie dawa nyingine. Je, kuna asubuhi anaamka amechoka, ulimi una jeraha au shuka limelowa? Huenda anaanguka usiku bila ninyi kujua. Na je, wenzake wanamkwepa au kumcheka? Muulize mkiwa wawili tu. Halafu nenda ukazungumze na mwalimu wa darasa. Kuduwaa kwa sekunde 30 katikati ya somo huonekana kama utovu wa nidhamu, na huenda ameshaadhibiwa kwa hilo. Mwombe mwalimu, kila akimwona ameduwaa, aandike tarehe na saa kwenye karatasi, na karatasi hiyo uende nayo kliniki.